Yowe la Ndege Isiyoanguka

Kitura, jioni ya kuamkia safari yako

Yustina mwanangu,

Ya kufunga begi, ya kushika simu vizuri stendi, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, baba yako ameyasema tangu juzi mpaka ameanza kuyarudia, nami sina cha kuongeza. Huko Dar es Salaam utakuta watu wa kukufundisha mitambo ya ndege, na wao wanajua kuliko sisi wawili. Mimi nimebaki na jambo moja, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo. Cheka kama unataka kucheka. Mama yako, ambaye baba yako husema kila asubuhi mdomo ndio unaotangulia kutoka kitandani, ameshindwa kusema.

Naandika jikoni. Maharage yako motoni, jua halijazama, na wewe uko nje na baba yako mnafunika kahawa vichanjani. Nawasikia mnabishana kuhusu turubai. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako ndani ya begi, uione kabla ya kitu kingine.

Nianze na furaha, maana ilikuwepo, na sitaki tuizike pamoja na mengine. Ulipokuja likizo na kile kijiti cha kupokelea mawimbi ulichopewa na mwalimu wako wa fizikia, kidogo kama flashi, ukasema kitatuonyesha ndege zote zinazopita juu yetu, nilikuuliza kama kinaweza pia kupukuchua mahindi. Ulikata waya wa shaba urefu wa kidole, ukausimamisha juu ya mfuniko wa kopo la maziwa, ukamtuma baba yako akakate mwanzi. Tukausimika mwisho wa vichanja, pale ambapo hakuna mti wa kukinga, waya ukapita dirishani mpaka kwenye ile kompyuta chakavu inayokula umeme wote wa sola yetu. Baba yako akauliza kama sasa tumeacha kilimo tumekuwa jeshi.

Halafu ukaniita. Nilikuja na unga mikononi. Kwenye ramani palikuwa na kindege kidogo kimechorwa, kinasogea, na pembeni yake namba ya safari, kimo na mwendo. Ukasema ndege zenyewe ndizo zinazojitaja kwa mawimbi kila sekunde, mimi ni nani, niko wapi, niko juu kiasi gani, na yeyote mwenye waya wa kusikia anaruhusiwa kusikia. Ukanivuta uani. Na kweli, juu kabisa, ule mstari mweupe. Ukaitafuta namba yake kwenye simu, ukasema inatoka Nairobi inakwenda Johannesburg.

Hukujua kwa nini niliendelea kutazama juu. Nilipokuwa mdogo Mbaha, sisi watoto tukiuona ule mstari tulikuwa tunakimbia ufukweni tukiuliza inakwenda wapi, na wakubwa wote walikuwa na jibu moja: Ulaya. Ndege zote za utoto wangu zilikwenda Ulaya. Sasa nimesimama uani kwangu, mke wa mkulima wa kahawa, na mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia ile inakwenda wapi hasa. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Toka siku ile nikawa mgonjwa kuliko wewe. Ulirudi shule, mimi nikabaki na ndege. Nilizijua zinazopita kila jioni na zile za Jumapili tu, nikazipa majina ya majirani kwa tabia zao. Ile ya Songea ndiyo ilikuwa inanikera, maana kila inaposhuka kwenda kutua hupotea kwenye ramani. Uliponieleza, ulitumia mkono wako na kikombe changu cha chai: mawimbi haya yanakwenda moja kwa moja, hayapindi kona, mlima ukikaa katikati ndege ipo palepale ila sisi hatuisikii. Nikakwambia ndiyo, mwalimu. Nilielewa kabisa. Usimruhusu mtu akwambie mama yako hakuelewa.

Sasa nije kwenye ile alasiri. Ulikuwa likizo tena. Mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ulikuwa unavuma tangu asubuhi na mawingu yamelala juu ya ile safu ya milima inayotutenga na ziwa. Ikaja ndege ndogo kutoka kaskazini, inafuata maji, imepita Lituhi, inaelekea Mbaha. Niliifuata kwa sababu ilikuwa inapita juu ya kwetu. Kimo chake kikaanza kupungua, kikapungua tena, halafu kile kindege kikasimama kwenye ramani, kikafifia, kikaondoka. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

Ulisema, "Mama, subiri. Imeshuka nyuma ya mlima tu, kama ile ya Songea."

Kwa ile ya Songea ningesubiri. Lakini hii ilipotelea juu ya maji, na mimi nimezaliwa pale, nimeona watu wakitolewa majini wamefunikwa kanga. Sikuwa naangalia ramani tena. Simu yangu ilikuwa imezima, nikakunyang'anya yako, nikampigia mjomba wako Gervas, ndugu yangu wa tumbo moja, nikamwambia hivi: "Gervas, ndege imeanguka ziwani, hapo mbele yenu. Nimeiona."

Nimeiona. Neno hilo ndilo lililomuua. Wewe umekulia mlimani kwenye kahawa na ngolo, haya mashimo yetu ya kulimia, kwa hiyo labda hukuwahi kuelezwa vizuri jinsi sisi wa ziwani tulivyolelewa. Likipigwa yowe kwamba kuna watu majini, mwenye chombo haulizi ni akina nani wala haangalii upepo. Anakwenda. Nyavu hazitupwi, hata dagaa wawe wamejaa, mpaka watu hao wapatikane. Ndiyo maana yowe lile halipigwi kwa kusikia wala kwa kudhani. Anayelipiga awe ameona kwa macho yake, na baadaye, mambo yakishatulia, wazee huuliza ni nani aliyepiga, naye husimama mbele ya watu aseme aliona nini. Tulifundishwa hivyo kabla hatujajua kuogelea.

Ningemwambia Gervas nadhani, angetoka nje akaangalia maji, akawapigia watu wa Lituhi, akaniita mwendawazimu, akarudi kwenye chai yake. Lakini dada yake, aliyelelewa nyumba moja naye, alimwambia ameona. Akawaita wenzake wakasukuma boti. Waliopona walisema walifika mbali, wakizunguka wanatafuta mabaki, ndipo wimbi likawapindua. Wao walishikilia boti, mawimbi yakawasukuma mpaka nchi kavu. Gervas hakuwa pamoja nao.

Kesho yake alfajiri, tunajiandaa kuteremka ziwani, wewe ukaenda kuwasha kompyuta. Sijakuuliza mpaka leo kwa nini uliiwasha. Ulinijia hapa hapa jikoni, ukasema kwa sauti ya chini, "Mama, ile ndege iko hewani."

Namba ileile. Ilikuwa inapanda kutoka ng'ambo ya ziwa. Ilikuwa imeshuka chini ya mawingu, ikavuka, ikalala upande wa pili, na waliokuwemo nadhani walikula chakula cha jioni wakalala vizuri. Wakati huo mjomba wako alikuwa bado hajapatikana. Nilikwambia zima hicho kitu. Ukazima, na hatukumwambia mtu hata njiani.

Siku ya kumaliza matanga unaijua, lakini nataka uisikie kutoka mahali nilipokuwa nimekaa mimi. Nilikuwa mkekani na wanawake, bibi yako, mama yangu, ameweka mkono juu ya goti langu. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa upole, kama inavyoulizwa siku zote, ni nani aliyepiga yowe. Watu walikuwa tayari wanageuza macho. Gervas alikuwa amewaambia wenzake kwamba wamepiga kutoka mlimani, kwenye mitambo ya Yustina, na kwenye simu yake lilitokea jina lako. Lakini desturi inataka mtu asimame mwenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, Yustina. Pasije pakawa na mtu wa kukwambia kwamba mama yako alizidiwa na kilio. Nilikuwa nimekauka macho, miguu yangu mizima, na mzee yule alisubiri.

Ukaweka chini sinia la vikombe. Ukatoka kwa wasichana wenzako, ukasimama katikati ukasema, "Ni mimi, babu. Niliona kwenye kompyuta."

Mimi nikaangalia mkeka. Nakumbuka ulikuwa na ukindu wa rangi ya zambarau. Wazee hawakukufokea, walisema ni mtoto, walisema haya mambo ya mitambo, wakakuambia ukae. Bibi yako akatoa mkono gotini kwangu akajifuta machozi, kisha akaurudisha palepale. Alikuwa ananifariji mimi.

Njia yote ya kupanda kurudi nyumbani nilitafuta neno la kukuambia. Wewe ndiye uliyelipata. Ulisema wangenitenga, na wewe ni mtoto, watasahau. Nikalipokea kwa mikono miwili kama sakramenti, Mungu anisamehe. Nikajisemea nitawaambia wakishatulia. Halafu nikasema baada ya kuvuna kahawa. Halafu baada ya Pasaka. Nimejifunza kitu kimoja kuhusu kosa lisilosemwa siku yake: kila siku unayoiacha ipite inakuwa kosa jingine, na mwishoni huogopi tena lile la kwanza, unaogopa kuulizwa ulikuwa wapi muda wote. Baba yako aliniuliza mara moja tu, "Utasema lini?" Nilimfokea kuhusu chumvi.

Ule mwanzi niliukata mwenyewe kwa panga. Uliokota mfuniko na waya ukaviweka kwenye kopo. Uliporudi likizo iliyofuata nikakuta umesimika mwingine, nikakujia juu mpaka majirani wakasikia. Nilikwambia kifaa hicho kimemuua mjomba wako. Ulikuwa unakaza kamba, hukugeuka hata kunitazama. Ulinijibu kwamba kifaa hakikusema ndege imeanguka, kilisema hakiisikii tena, na kwamba ni sisi tuliosema imeanguka.

Ulisema sisi. Hata pale, tuko wawili tu, hakuna wa kusikia, ulikuwa bado unanisitiri. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na viatu.

Lakini yale maneno niliyashika. Ukirudi shule nilikuwa ninakaa tena mbele ya ile ramani, na kila ndege inapopotea nasema kwa sauti, siisikii. Basi. Siongezi neno. Baba yako alifikiri nimeanza kuzeeka vibaya. Hujui ilivyo kazi kwa mtu wa hulka yangu kuishia hapo, kukaa na kutokujua bila kujaziliza kwa mdomo. Kupalilia ngolo kutwa nzima ni nafuu. Nakuandikia hili kwa sababu kutakuwa na wiki hutapiga simu, utakuwa na mitihani, au utakuwa na marafiki na umenisahau kidogo, ndivyo inavyotakiwa iwe. Sitapiga yowe. Sitawatuma watu wa Mbinga walioko Dar wakakutafute. Nitasema siisikii, nitaendelea na kazi zangu, na utanikuta.

Na kwako nina ombi, si amri, maana amri zangu zimepoteza heshima. Unakwenda kushika vitu ambavyo mtu akikosea na kunyamaza, wengine wanakufa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Na akikosea mwenzako unayempenda, usisimame mahali pake. Ulichonifanyia mimi kilikuwa upendo na sitakubali mtu akitukane, lakini kiliniharibu, Yustina. Nilipata pa kujificha, na pa kujificha penyewe palikuwa nyuma ya mgongo wa mtoto wangu. Nimekuona ukiacha kuimba kwaya kwa sababu kwaya inakwenda Lituhi. Nimekuona ukisingizia kuumwa kila tunapoteremka Krismasi. Niliyaona yote hayo na nikapika, nikala, nikalala.

Jumapili ulikwenda Mbaha peke yako kumuaga bibi yako. Ulirudi jioni, nikakuuliza umemkutaje, ukasema hajambo, anakusalimu. Nikafurahi kama mjinga. Jana wifi yangu, mke wa marehemu mjomba wako, akanipigia simu. Yeye naye anaamini ni wewe, lakini alikuwa analia kwa ajili yako. Aliniambia ulifika na kifurushi cha kahawa na sukari, ukapiga magoti mbele ya bibi yako akiwa anachambua dagaa, ukasema shikamoo bibi. Akaendelea kuchambua. Ukarudia. Akaendelea. Wifi anasema ulikaa magotini mpaka akaona haya yeye, kisha ukaweka kifurushi karibu na ungo ukainuka, ukamwambia nakwenda masomoni bibi, ukaondoka. Anasema imekuwa hivyo tangu matanga, kila ukionana naye. Kwamba bibi yako, aliyekupa jina lake mwenyewe, hajawahi kukuitikia marahaba tangu ulipoweka chini lile sinia.

Nami hukuniambia. Umekuwa ukiniletea salamu za uongo kutoka kwa mama yangu ili nilale vizuri.

Nilikata simu nikaenda shambani, nikakaa kwenye mibuni nikalia kwa sauti kubwa, jinsi ambavyo ningelia siku ile mkekani. Baba yako alinifuata. Safari hii hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe ni lini, akanishika bega, tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo kesho sitakuja stendi. Baba yako atakupeleka Mbinga, atakupandisha kwenye basi, na najua utanitafuta kwa macho ukiuliza niko wapi. Nitakuwa nimeondoka na gari la kwanza linaloteremka ziwani. Usikasirike kwamba sikukukumbatia. Ningekukumbatia ungeniona usoni ukajua, na ungenizuia, maana umeshazoea kunilinda, na mimi nimeshazoea kulindwa. Ukisoma hii ukiwa ndani ya basi usinipigie simu ya kunirudisha. Sitaipokea.

Wifi nimemwomba awaite wazee wa ukoo, na bibi yako awepo. Nimesema tu nina neno. Wanadhani ni habari za mahari ya mtu. Sijui watanifanya nini. Labda watanitenga, kama ulivyosema wewe, na labda mama yangu atakufa hajaniitikia tena. Naogopa, mwanangu, sitakudanganya, maharage yameungua nikiwa nimekaa mbele yake. Lakini nimeshakuona ukipiga magoti mbele ya ungo wa dagaa, hata kama sikuwepo, na siwezi kuendelea kuishi na picha hiyo halafu nikajiita mama.

Watauliza kama kawaida, ni nani aliyepiga yowe, na safari hii nitasimama. Nitawaambia ni mimi. Nitawaambia sikuona kitu chochote kwa macho yangu. Na nitawaambia kwamba mtoto wangu aliniambia nisubiri.

Mama yako